Duka la Dawa Lijiite Duka la Dawa

Katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama hadi Geita, duka la dawa aghalabu hutangulia zahanati. Habari za rashi mpya zikienea, watu humiminika porini, maduara huchimbwa, maturubai hugeuka vibanda, na baada ya mama lishe na muuza vocha hapakosi mtu aliyeleta maboksi ya dawa. Miji kama Katoro, Runzewe na Kakola imejaa wageni waliotoka mikoa mingine. Mgeni hajui njia ya kwenda kituo cha afya wala hana jirani wa kumwuliza usiku wa manane, kwa hiyo hutoa simu na kuuliza ramani. Jibu atakalopata hutegemea jambo ambalo mwenye duka alilifanya kwa haraka siku alipoisajili biashara yake mtandaoni: kundi alilochagua kuiweka.

Wapo wauza dawa wanaochagua kundi la hospitali. Wengine huchagua kliniki, au maabara, au yote kwa pamoja. Hapana shaka wengi wao hawakukusudia udanganyifu. Kiswahili chenyewe cha kila siku kimechangia mchanganyiko huo. Mtu husema anakwenda hospitali hata kama anakwenda zahanati ya kijiji, na muuza dawa mwenye koti jeupe huitwa daktari na mtaa mzima. Neno kliniki nalo lina mkasa wake. Kwa akina mama wa Shinyanga, kama kwingineko nchini, kwenda kliniki ni kwenda na kadi kupimwa ujauzito au kumpeleka mtoto akapimwe uzito na kupata chanjo. Mama mjamzito akiandika neno hilo kwenye simu, hatazamii kuelekezwa kwenye kaunta ya dawa za mafua.

Sheria, tofauti na mazungumzo, haina utata huo. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza mwaka 2003 mkoani Ruvuma, ukaenea nchini ili kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi ya zamani. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 iliyaweka maduka ya dawa na famasi chini ya Baraza la Famasi. Famasi husimamiwa na mfamasia. Duka la dawa muhimu huendeshwa na mtoa dawa aliyepata mafunzo maalumu, nalo huruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti pamoja na orodha fupi ya zile zinazohitaji. Haliruhusiwi kuchoma sindano wala kulaza mgonjwa. Zahanati, kituo cha afya na hospitali zina usajili wao, maabara binafsi zina bodi yake, na waganga wa tiba asili wana baraza lao chini ya sheria ya mwaka 2002. Hizi ni ngazi, na kila ngazi ina kikomo cha kile inachoweza kumfanyia mgonjwa.

Madhara ya kuziruka ngazi hizo kwenye ramani huonekana kwanza katika dharura. Kutokwa na damu baada ya kujifungua huweza kumwua mama ndani ya saa mbili. Mwendesha bodaboda akielekezwa na simu hadi mahali palipoandikwa hospitali, akakuta mlango wa chuma na makabati ya dawa, nusu saa iliyopotea hapo haina fidia.

Lakini lipo dhara lingine lisilo na kelele, na pengine ndilo kubwa zaidi. Mchimbaji mdogo anayevuta vumbi la mwamba kwenye makarasha, mwezi baada ya mwezi, ana hatari ya kuugua mapafu kwa vumbi la silika, na mapafu yaliyoharibiwa na silika huwa rahisi kushikwa na kifua kikuu. Akikohoa wiki tatu na kutafuta hospitali kwenye simu, akafikishwa dukani na kuuziwa dawa ya kikohozi na kiuavijasumu, ataondoka akiamini kwamba amekwisha kuonwa. Kikohozi kisipokoma atahama dawa, atahama duka, na siku atakapofika kwa tabibu halisi atasema kwamba alikwenda hospitali na matibabu hayakumsaidia. Tabibu ataandika maelezo ya ugonjwa yaliyojengwa juu ya neno lisilo la kweli. Hakuna makohozi yaliyopimwa wala kifua kilichosikilizwa, ilhali uchunguzi na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Duka lililojiita duka lingemwachia mtu huyo nafasi ya kujua kwamba bado hajapimwa.

Mwenye duka ana hoja yake, nayo si ya kupuuzwa. Jirani amejiandika hospitali na wateja wanamwona kwanza. Yeye akijiandika duka la dawa, je, hatabaki nyuma? Hesabu hiyo ina kasoro. Anayetafuta chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji, zinki ya mtoto anayeharisha, au kondomu saa nne usiku hatafuti hospitali. Anatafuta duka la dawa lililo wazi, na duka lililojificha kwenye kundi la hospitali linaweza kumpita. Mwongozo wa Google kwa wafanyabiashara unatoa kipimo ambacho Kiswahili hukieleza vizuri kuliko lugha nyingi: kundi lijibu biashara hii *ni* nini, si biashara hii *ina* nini. Duka linaweza kuwa na mzani, kipimo cha shinikizo la damu na kiti cha kupumzikia. Bado ni duka. Kundi kuu ni moja tu, na ingawa mengine tisa yanaruhusiwa, kuyajaza yote ni kumchosha mteja.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Makundi hayo yalitungwa mbali, na neno duka la dawa muhimu, lililozaliwa katika sheria za Tanzania, halimo. Mwenye duka hulazimika kuchagua kati ya famasi na duka la dawa la kawaida. Ashike la pili, kwa kuwa la kwanza humtaja mfamasia asiyekuwapo, kisha aandike kwa maneno kamili kwenye maelezo kwamba hili ni duka la dawa muhimu, pamoja na saa za kufungua na jina la kituo cha afya kilicho karibu. Mstari huo wa mwisho haugharimu chochote, na kwa mgonjwa aliyezidiwa una thamani kuliko tangazo lolote.

Wakaguzi wa halmashauri, wanaofika dukani kutazama kibali, tarehe za dawa na hali ya makabati, wangeweza kuongeza dakika mbili za kufungua simu na kulinganisha kibali kilicho ukutani na kinachosomeka kwenye ramani. Si haki kumsubiri mwananchi apotee njia ndipo kosa ligunduliwe, hata kama ramani humruhusu kupendekeza marekebisho.

Lipo pia suala la maduka yaliyohama. Rashi ikiisha, wachimbaji hufunga virago na muuza dawa huwafuata. Kibanda hubomolewa, lakini alama yake hubaki kwenye ramani kwa miaka, ikiendelea kuwaita wagonjwa kwenye uwanja mtupu. Anayehama na aibadilishe anwani siku hiyo hiyo anapopakia maboksi, au aandike kwamba duka limefungwa.