Ati Kwetu Watu Hawajiui

Kaa baraza yoyote ya Mji Mkongwe, Jaws Corner au kwengineko, utalisikia neno hili: "Wazungu na matajiri wana kila kitu, lakini wanajiua. Sisi maskini, lakini tuna raha zetu." Kahawa inateremka, vichwa vinatikiswa, mjadala umekwisha. Mimi nasema haujaanza.

Nusu ya maneno hayo ni kweli. Japani ni nchi tajiri na tulivu, mtu kuuliwa na mwenziwe ni nadra, lakini mwaka 2003 watu 34,427 walijiua. Marekani mwaka 2021 waliouawa walikuwa 26,031, waliojiua 48,183. Basi ustawi unaweza kupunguza kuuana usipunguze huzuni. Hapo tumekubaliana.

Nusu ya pili ni uzushi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu zaidi ya 720,000 walijiua, na karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchi kama yetu, jamani! Na hizo raha ziko wapi? Ripoti ya Furaha Duniani ya 2018 iliiweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 156.

Aliyeuawa ana polisi, ana mahakama, ana gazeti. Aliyejiua hana. Jamaa wanasema "homa ya ghafla", jirani anaitikia, tunazika kabla ya alasiri. Kisha tunarudi barazani kusema kwetu hakuna!

Msinijibu kwa dini. Kujiua ni haramu, hilo halina ubishi. Lakini madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi hapa Unguja, yanasema aliyejiua anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa na anazikwa. Kumsitiri maiti ni wema. Lakini sitara gani hiyo inayomwacha aliye hai, mwenye dhiki ile ile, bila wa kumuuliza una nini?

Ufini hawakuona haya. Kuanzia Aprili 1987 walivichunguza vifo vyote vya kujiua vya miezi 12, vifo 1,397, kimoja kimoja. Mwaka 1990 walikuwa wakijiua watu kama 30 katika kila 100,000. Tangu hapo idadi imepungua zaidi ya nusu. Na ndiyo nchi iliyoshika nafasi ya kwanza katika ripoti ile ile ya 2018.

Na sisi tunaoandika? Rosa wa Kezilahabi alijiua katika Rosa Mistika (1971), Kazimoto akajiua katika Kichwamaji (1974). Tumewasoma, tumebishana mpaka usiku: kwa nini? Kwa mtoto wa jirani hatuulizi.

Basi tuulize. Hospitali ziandike sababu ya kifo kama ilivyo. Maimamu waseme na walio hai. Na sisi vijana tuache kulifanya jina la Kidongo Chekundu kuwa tusi, maana pale ndipo tunapotaka mwenzetu apelekwe kabla hajafa.