Mtetezi wa Asiye na Mtetezi

Shule zikifungwa vijana wengi wa Kitengela hushinda mbele ya televisheni wakitazama mapigano. Je, wewe mzazi umejaribu kumtafutia mwanao Ivanhoe, riwaya ya Mskoti Walter Scott iliyotoka Desemba 1819?

Ni hadithi ya Uingereza ya karne ya 12, ya mapenzi na ya askari wa farasi wenye deraya za chuma. Walikula kiapo cha kulinda wanyonge, lakini wengi wao ndio waonevu. Rebecca, msichana Myahudi aliyemuuguza Ivanhoe, anashtakiwa kuwa mchawi. Ataokoka tu akipata mtu wa kumpigania, naye hana. Siku ya hukumu Ivanhoe anafika akiwa bado mgonjwa, farasi wake hoi. Anajitosa hivyo hivyo. Wala hafanyi hivyo ili apate mke, kwani atamwoa Rowena, mpenzi wake wa zamani. Ama kweli, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Nasi wa Kajiado tuna mashujaa wetu. Moran hufunzwa ujasiri na kusimama na rika lake. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka sherehe za Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Lakini uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977. Basi kijana ataonyeshea wapi ushujaa wake, ikiwa si kwa simba?

Jibu liko hapa hapa. Katika miaka ya 1990, Bi. Priscilla Nangurai, mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana ya AIC mjini Kajiado, aliwapokea wasichana waliotoroka kuozwa wangali wadogo. Hakuwa na mkuki wala farasi. Aliwapa kitanda na dawati. Leo Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema hakuna ndoa kabla ya miaka 18. Hata hivyo, sheria haibishi hodi yenyewe. Inahitaji kaka atakayesema, "Baba, dada yangu bado anasoma," hata kama ng'ombe wa mahari wamekwisha kuhesabiwa.

Mwanao akimaliza kitabu, usimwulize nani alishinda pigano. Mwulize ni nani mtaani kwenu asiye na wa kumtetea. Kisha msikilize.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.