"Tairi Mpya" ya Mwaka Gani?

Wasee, leo ukifika steji kupanda Probox ya Lodwar, inama kwanza uangalie tairi. Ubavuni utaona DOT, halafu herufi na namba zimefuatana. Soma zile namba nne za mwisho. Ukipata 2317, hiyo tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Usipoziona, ziko upande wa ndani. Mimi niliacha chuo, lakini sijawahi kusikia kuna digrii ya kusoma namba nne.

Sasa ingia duka la tairi uulize ni ya mwaka gani. Mimi nimeuliza. Nikajibiwa, "Ni mpya, huoni karatasi?" Buda, sikuuliza karatasi. Tairi inaweza kuwa haijawahi kugusa lami na bado imezeeka, kwa sababu joto na hewa vinakula mpira hata ukiwa umekaa tu stoo. Watengenezaji wengi wanasema ikifika miaka 10 itolewe, hata kama meno bado yapo. Na hao hawakuwa wanafikiria Turkana, mahali nyuzi 35 ni siku ya kawaida na lami ni moto kuliko hewa.

Na umri ni mwanzo tu. Baada ya saizi kuna namba ya mzigo. 88 maana yake tairi moja inabeba kilo 560. 82 ni kilo 475. Kwa macho zinafanana. Lakini ukitoa nne za 88 ukaweka nne za 82, umepoteza kilo 340, halafu bado unajaza watu, magunia na mbuzi vilevile. Tairi inajikunja kupita kiasi, inapata moto, tabaka zinaachana, inapasuka. Kesho yake tunasema "tairi ilipasuka", kama vile ni radi ilipiga.

Si radi. Kuna mtu aliuza hiyo tairi. Hapo ndipo hasira yangu iko: ajali ikitokea tunamtafuta dereva, tunalaumu spidi, na aliyemuuzia hatajwi hata siku moja.

Wenzetu walijifunza kwa damu. Agosti 2000, Firestone iliita tairi milioni 6.5 zirudishwe Marekani, baada ya tabaka kubanduka magari yakiwa barabarani. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kufika Novemba mwaka huohuo, walikuwa na sheria mpya, na maandishi ya tairi yakaangaliwa upya. Leo huko, kampuni ikichapa kitu kimoja vibaya ubavuni, hata idadi ya tabaka tu, lazima ijiripoti serikalini. Ikitaka kusamehewa isirudishe hizo tairi, inaandika ombi, ombi linachapishwa, na raia yeyote anaweza kutoa maoni. Kosa la maandishi tu! Sisi huku maandishi yako sawa kabisa, na bado hakuna anayekuambia yanasema nini.

Na usiniambie tutengeneze zetu. Kiwanda cha Nairobi kilichokuwa kinatengeneza Yana kilifungwa 2016, wakisema tairi za bei rahisi kutoka nje zimewamaliza. Sasa hesabu: kiwandani, melini, bandarini, stoo ya jumla, stoo ya rejareja, halafu jua la nje ya duka. Ikifika Lokichar, "mpya" ni neno la muuzaji tu.

Najua mtakuja kusema, "Watu wa huku hawana pesa, acha wanunue mtumba." Sijasema mtumba upigwe marufuku. Nimesema mnunuzi aambiwe ukweli. Tairi ya miaka saba isiuzwe kwa bei ya tairi ya mwaka mmoja. Kumficha maskini umri wa tairi si kumsaidia, ni kumwibia mara mbili: kwanza pesa, halafu uhai.

Ninachotaka ni kidogo. Muuzaji aandike kwenye risiti wiki, mwaka na namba ya mzigo. KEBS waingie maduka ya Lodwar, Kakuma na hapa kwetu, wasome tairi moja moja. NTSA wakikagua magari ya abiria, waandike mwaka wa kila tairi, si meno peke yake. Na polisi kwenye kizuizi akikuta tairi mbovu, aulize ilinunuliwa wapi, badala ya kunyoosha mkono dirishani.

Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta alikuja mpaka huku kupungia bendera malori ya kwanza ya mafuta kwenda Mombasa. Kwa hiyo Lokichar inajulikana iko wapi. Kama barabara hii inaweza kuangaliwa ikibeba mafuta, iangaliwe pia ikibeba mama yako akienda kliniki Lodwar.

Mpaka hapo, tumia simu. Piga picha hizo namba kabla ya kupanda. Kama ni za zamani sana, mwambie dereva kwa heshima, halafu ngoja gari lingine. Nauli bado iko mfukoni mwako.