Istilahi Isizidi Kipimo: Suala la Majina ya Sitokini

Miongoni mwa waundaji wa istilahi za sayansi kwa Kiswahili kuna imani kwamba istilahi bora ni ile inayotaja kazi ya kitu. Imani hiyo ina faida, kwani humwezesha msomaji kukisia maana. Hata hivyo, katika uwanja wa sitokini, yaani protini ndogo ambazo seli za kinga huzitoa ili kupashana habari, imani hiyo yaweza kumpotosha mwanafunzi wa maabara.

Historia yenyewe inatoa onyo. Mwaka 1975 watafiti wa New York, Carswell, Old na wenzao, walieleza dutu iliyomo katika seramu ya panya waliodungwa BCG na kisha endotoksini ya bakteria. Kwa kuwa seramu hiyo ilifisha uvimbe wa saratani, dutu ikapewa jina litokanalo na kufisha uvimbe, ambalo kifupi chake ni TNF. Katika jiji hilohilo, Beutler na Cerami walikuwa wakichunguza dutu inayohusishwa na kukonda kwa mgonjwa, iliyoitwa kakektini. Mwaka 1985 ilibainika kwamba katika panya dutu hizo mbili ni moja. Leo dawa za kuizuia TNF hutumika kutibu baridi yabisi, ugonjwa usiohusiana na uvimbe wa saratani.

Aidha, upimaji wenyewe haushuhudii kazi. Njia ya ELISA ilielezwa mwaka 1971 na Engvall na Perlmann wa Stockholm. Kwa namna inayotumika sana kupima sitokini, kingamwili hugandishwa katika vishimo 96 vya sahani ya plastiki. Sampuli ya panya hutiwa, sitokini ikanaswa, mabaki yakaoshwa. Kisha hutiwa kingamwili ya pili, nayo huunganishwa na kimeng'enya kinachozalisha rangi. Ukolezi wa rangi hulinganishwa na ule wa sampuli zenye viwango vinavyojulikana, na jibu hutolewa kwa pikogramu katika mililita. Kingamwili hutambua sehemu ya umbo la molekuli tu. Molekuli iliyokwisha poteza nguvu yaweza kuhesabiwa pamoja na iliyo hai.

Basi, iwapo TNF itaitwa "kiuauvimbe", mwanafunzi aonaye rangi iliyokolea ataandika kwamba mwili wa panya unaua uvimbe. Hitimisho hilo litakuwa limetoka katika istilahi, si katika sahani.

Yumkini watetezi wa usafi wa lugha watadai kwamba utohozi hukitia Kiswahili ugeni. Dai hilo halina uzito, maana homoni, vitamini na protini zimekwisha kuwa maneno ya Kiswahili bila kukidhoofisha. Inafaa dutu zitoholewe, na vitendo vielezwe kwa hazina iliyopo: kunasa, kuosha, kukoleza, kulinganisha. Vilevile neno "kingamwili", ambalo baadhi ya waandishi hulitumia kwa mfumo mzima wa kinga, lingebakizwa kwa protini inayonasa pekee. Mfumo uitwe "kinga". Bila mpaka huo, sentensi kwamba kingamwili za panya zimeongezeka itakuwa na maana mbili, na msomaji hatajua ni ipi iliyopimwa.

Istilahi ya sayansi haina wajibu wa kufundisha somo zima. Wajibu wake wa kwanza ni kutodai jambo ambalo kipimo hakikulithibitisha.