Mkesha si dawa ya kila uchovu

Ndugu mwandishi, katika makala yako ulisema anayechoka kusali amepoa na atafute mkesha wenye moto; mimi nakataa. Evagrio wa Ponto, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliueleza uchovu huo wa sala utadhani anakaa mtaani kwetu. Jaribu hilo, alisema, humwingia mtawa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana (saa zao zilihesabiwa kama zetu). Jua linaonekana limegoma kusogea. Anachungulia nje kuona kama saa tisa, wakati wa kula, imekaribia. Kisha anaanza kuchukia chumba chake, kazi yake, hata ndugu zake, na kuwaza mahali pengine ambako maisha yangekuwa mepesi.

Si ndiyo sisi hao? Mwezi huu kwa nabii huyu, mwezi ujao kwa yule, na kila mahali tunapiga miayo.

Ushauri wa Evagrio ni mkavu: usihame. Baki hapo. Na kuna simulizi ya mtawa Antoni wa Misri kwamba, alipobanwa na uchovu huo, alionyeshwa mtu anayesokota kamba, anainuka kusali, anakaa tena kusokota. Basi. Mama yangu hufanya hivyo akichambua mchele: anachagua mawe, anamwombea mmoja wetu, anapepeta, anamtaja mwingine. Sijamwona akitokwa machozi kwenye ibada, na wachungaji wa siku hizi wangesema hana upako.