Mtoto Asiyegeuka Akiitwa

Mwezi huu tunataka tuzungumze juu ya mtoto ambaye katika nyumba nyingi hufungiwa chumba cha ndani wageni wakija. Ni mtoto mwenye sura nzuri na nguvu za kukimbia. Lakini ukimwita kwa jina hageuki. Amefikisha miaka mitatu na bado hasemi "maji". Akisikia kiu hukushika mkono akakuvuta hadi kwenye mtungi. Hupanga visoda mstari mmoja tangu asubuhi, na ukiondoa kimoja hulia kana kwamba umempiga. Mlio wa mashine ya kusaga humfanya azibe masikio. Hali hii inaitwa usonji.

Usonji hauambukizi. Si pepo, wala si laana ya ukoo. Ubongo wa mtoto huyu umekua kwa namna tofauti, na dalili huanza kuonekana katika miaka ya kwanza ya maisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Basi mitaa yetu mingi inaye mtoto huyu, hata kama hatumwoni barazani.

Kinachomchosha mama kuliko kazi ya kumlea ni lawama. Mawifi watasema kwao hakuna watoto wa namna hiyo. Jirani atasema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wala si kwetu tu mama alipolaumiwa. Daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza habari za watoto hawa mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye mabingwa wa huko walifundisha kwamba mtoto huwa hivyo kwa sababu mama yake ni baridi, hana upendo. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, aliandika kitabu kupinga jambo hilo, na leo hakuna mtaalamu wa kweli anayemlaumu mama.

Wengine husema ni sindano ya surua. Madai hayo yalienezwa na makala iliyotoka Uingereza mwaka 1998. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na uchunguzi uliofanywa kwa mamia ya maelfu ya watoto haukuona uhusiano wowote. Mpeleke mdogo wake chanjo bila hofu.

Tuanzie wapi?

Kwanza, usingoje. Utaambiwa watoto wa kiume huchelewa kusema, na kweli wako wanaochelewa. Lakini mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa, wa mwaka mmoja na nusu asiyekuonyesha kitu kwa kidole, au yule aliyekuwa na maneno yakapotea, apelekwe hospitali mwezi huo huo.

Pili, apimwe masikio. Asiyesikia naye hageuki akiitwa, na msaada wake ni mwingine.

Tatu, omba barua ya rufaa. Wataalamu ni wachache na wengi wako katika hospitali kubwa, kama Muhimbili Dar es Salaam na KCMC Moshi. Ukiambiwa "mrudishe akifika miaka mitano", usigombane na mtu, lakini usiondoke bila kuuliza kwa upole: nimpeleke hospitali gani, kliniki gani, siku gani? Nenda na daftari. Andika alitembea lini, anajua maneno mangapi, analala saa ngapi, anakula nini, na kama amewahi kupata degedege. Sisi tunaohudumu kliniki tunajua kwamba daktari mwenye foleni ndefu humsaidia upesi zaidi mama mwenye daftari.

Nne, tafuta shule mapema. Baadhi ya shule za msingi za serikali zina vitengo vya watoto wenye usonji. Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam ni mfano. Nenda halmashauri, umwone ofisa anayeshughulikia elimu maalumu, ukiwa na barua ya daktari mkononi. Pitia pia ofisi ya ustawi wa jamii. Hapo hutaomba hisani: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wako haki ya kusoma kama watoto wengine.

Jihadhari na anayeuza uponyaji, awe ana hirizi au chupa ya mafuta. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Daktari anaweza kutoa dawa ya kifafa, au ya kumsaidia mtoto kulala, lakini hiyo ni kwa matatizo yanayoandamana nao. Mbuzi aliyeuzwa kwa ajili ya mganga angelipa nauli ya hospitali mara kadhaa.

Nyumbani nako kuna kazi ambayo haihitaji fedha. Sema naye kwa maneno machache: "maji", si "hebu njoo hapa unywe maji mwanangu". Mwonyeshe kikombe, kisha ngoja. Mambo ya siku yafuate utaratibu uleule, na mwambie mapema kama kuna badiliko. Akijaribu, msifu. Kumchapa hakumfundishi kusema. Na kwa kuwa wengi wao huondoka nyumbani bila kujua hatari, funika kisima, na shona namba ya simu kwenye nguo yake.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Usitembee njia hii peke yako. Mwaka 1962 wazazi wachache jijini London walikusanyika kwa sababu watoto wao hawakuwa na mahali pa kusoma, wakaunda chama. Mwaka 1965 chama hicho kilifungua shule. Hata sisi tunaweza kuanza na akina mama watatu na chumba cha kanisa Jumamosi mchana. Mmoja anamjua mwalimu, mwingine amekwisha kufika Muhimbili na anajua dirisha la kwenda. Baba naye aje. Mtoto huyu si wa mama peke yake.

Na wewe msomaji ambaye watoto wako wote husema vizuri, una sehemu yako. Mtoto akipiga kelele ibadani, usigeuke kumtazama mama yake kwa jicho kali. Jioni nenda kwake, ukae na mtoto saa mbili ili mama apate usingizi. Na mnapofanya sherehe, mwalike pamoja na mtoto.