Picha inakusemea kabla hujaimba: Kijana wa Kisauni na sura anayovishwa

Fungua magazeti ya wiki hii kisha umtafute kijana wa Kisauni. Mara nyingi utamkuta kwenye kurasa mbili. Kwenye ukurasa wa habari ameketishwa sakafuni, mpiga picha amesimama juu yake, mapanga yamepangwa mbele na jina halipo. Kwenye ukurasa wa burudani amesimama wima, kamera inamtazama kutoka chini, miwani ya jua usoni na jina limeandikwa kwa herufi kubwa. Umri ni ule ule, mtaa ni ule ule, pengine hata fulana ni ile ile. Kilichobadilika ni pale aliposimama mwenye kamera.

Hiyo ndiyo kazi ya picha kwenye majarida ya muziki, na si mchezo. Kabla hujasoma neno hata moja, jicho limeshaamua. Ukipigwa kutoka chini unaonekana mkubwa, mwenye nguvu. Ukipigwa kutoka juu unaonekana mdogo au mshukiwa. Ukitazama kamera moja kwa moja, unaongea na msomaji. Ukitazama pembeni, yeye ndiye anayekuchungulia. Kisha kuna kilicho nyuma yako: ukuta, gari, bahari. Hicho nacho kinasema unatoka wapi na una nini.

Nguvu hiyo imeshaleta balaa kwingine. Februari 1996 jarida la Vibe la Marekani liliweka jaladani Tupac, Snoop Dogg, Dr. Dre na Suge Knight, watu wa Death Row. Septemba mwaka huo huo likawaweka Biggie na Puffy, na maneno yaliyozungumzia Mashariki dhidi ya Magharibi. Ugomvi wa watu wachache na lebo mbili ukaonekana kama vita vya pande mbili za nchi. Tupac alifariki kwa risasi Septemba 1996, Biggie akafuata Machi 1997. Hakuna anayeweza kusema jalada liliua mtu. Lakini mashabiki walipewa picha ya kuchagua upande, nao wakachagua.

Turudi nyumbani. Miaka ya 2000, msanii wa Kenya alijua ametoboa akijiona kwenye Pulse, lililokuja na The Standard kila Ijumaa, au Buzz ndani ya Sunday Nation. Yote mawili yalihaririwa Nairobi. Na ukiwa Nairobi, Mombasa ina sura yake tayari: minazi, jahazi, Fort Jesus, mchanga mweupe. Kwa hivyo msanii wa Pwani mara nyingi hupelekwa ufuoni, apigwe picha akitabasamu. Bahari ni yetu, hatuikatai. Lakini jiulize: aliyezaliwa Chaani kule Changamwe, akakua kati ya malori ya makontena na matangi ya mafuta, hiyo picha inamsema yeye ama inauza likizo ya mtu mwingine?

Siku hizi wengi hawamngoji mhariri. Jalada limekuwa kipicha kwenye YouTube, Boomplay au Mdundo, kisichozidi kidole gumba kwenye simu. Kijana wa Likoni anapigwa na rafiki yake, anatengenezewa mchana, jioni kazi iko hewani. Ungedhani sasa sura itakuwa yake. Badala yake, wengi wamekimbia bahari wakaangukia mtego wa pili: vitambaa usoni, moshi, vidole vilivyokunjwa kama bunduki, na wakati mwingine panga lenyewe.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Kule Jamaika au Marekani, msanii mwenye jina akishika silaha kwenye video, wengi wanajua ni uigizaji. Kisauni si hivyo. Majina kama Wakali Kwanza na Wakali Wao si hadithi za filamu hapa. Kuna watu wamekatwa mapanga, kuna mama ambao wanao hawakurudi. Polisi wanapofanya msako huko Mtopanga au Mishomoroni, hakuna anayeuliza kama ile picha ilikuwa ya wimbo. Jirani aliyeibiwa simu naye haulizi. Panga uliloazima kwa dakika tano litakaa mtandaoni miaka, na likikatwa kutoka kwenye wimbo wake linabaki kuwa picha ya mtu mwenye panga tu.

Wapo watakaosema, basi tufiche ukweli? La. Msanii ana haki ya kuimba maisha ya mtaa, hata yale machungu. Swali ni picha yako inamweka nani katikati: aliyekata au aliyekatwa? Jalada la mama ameketi mlangoni akingoja linaweza kusema zaidi kuhusu magenge kuliko vijana kumi waliofunika nyuso, na halimpi yeyote sababu ya kukukamata.

Kuna lugha nyingine ya picha ambayo vijana wetu wanaichukulia kimzaha: ukubwa. Tazama mabango ya shoo yanayobandikwa kuanzia kivukoni Likoni hadi Kongowea. Katikati kuna staa wa Nairobi au wa Bongo, mwili mzima, rangi zinang'aa. Chini kabisa, kwenye vijiduara vidogo kama picha za kitambulisho, kuna wasanii wa hapa. Promota atakwambia ni muundo tu. Si muundo. Ukubwa wa uso kwenye bango unamweleza mteja nani ni chakula na nani ni chachandu, na mara nyingi malipo hufuata mpangilio huo huo. Msanii anayesaini mkataba bila kuuliza atawekwa wapi kwenye bango ameshapunguza bei yake.

Basi, kabla hujapakia picha inayofuata, jiulize maswali matatu. Kamera iko juu yangu ama usawa wangu? Kilicho nyuma yangu kinasema ninakotoka, ama kimeazimwa? Na picha hii ikitolewa kwenye wimbo, ikabandikwa ukurasa wa habari, itasema nini juu yangu?

Jibu halihitaji pesa nyingi. Feri ya saa kumi na mbili asubuhi imejaa watu wa Likoni wanaokwenda kazini. Kongowea kuna rangi ambazo studio yoyote ingezililia. Changamwe usiku taa za makontena zinawaka hadi alfajiri. Hapo hakuna mtalii wala jambazi, kuna watu wa Mombasa wakiishi. Mwite yule rafiki mwenye simu nzuri, mwambie ashuke ngazi, asimame usawa wako, kisha abonyeze.